Stima ya Hoteli

Jamani, leo nimeaibika mbele ya mji mzima wa Eldoret. Ketini niwaambie mwenyewe, kabla wapishi wa hoteli hawajawafikia.

Mnajua natafuta kazi ya ufundi hapa mjini. Baba yake mchumba wangu Rasoa, Mzee Yohana, alisema wazi: bila kazi ya mjini, mchungaji hatangazi ndoa Jumapili. Sasa, kule Timboroa kwenye kiwanda cha mbao nimeendesha stima miaka mingi, ile mashini kubwa ya kuni na mvuke. Niliposikia hoteli ya wazungu inatafuta fundi wa stima, nikasema Mungu ameniona.

Kumbe kuandikwa kazi huko ni safari. Mara Bwana meneja ameenda kucheza gofu. Mara lete barua ya Bwana wako wa zamani. Mara lete nyingine ya mchungaji, kwamba hunywi pombe. (Bwana mwenyewe alinuka wiski, lakini si yeye aliyekuwa akiomba kazi.) Leo jioni ndipo nikaitwa ofisini.

"Wewe najua stima?"

"Naijua sana, Bwana."

"Stima kubwa?"

"Kubwa, Bwana. Ile ya kumaliza nusu ya msitu kwa kuni."

"Mzuri sana," akasema. Hakuelewa hata neno moja. "Mimi nakwenda koga. Wewe washa stima, mimi taona."

Nikazunguka nyuma ya hoteli. Kulikuwa na kibanda cha bati chenye waya juu (sikukijali), na tangi la chuma juu ya mawe, majivu chini yake, bomba limeingia ukutani. Nikasema ndiyo hii. Ndogo kidogo, lakini stima ni stima. Mzee Kiprop, mtu wa kuni, alikuwa ameketi pale.

"Mimi ndiye fundi mpya wa stima," nikamwambia.

Akanitazama, akalitazama tangi. "Karibu sana," akasema. Akanipa shoka, akaenda zake kunywa chai.

Nikapasua kuni, nikazisukuma zote chini. Moto ukanguruma. Bomba likaanza kugonga. Nikajua presha imepanda, nikafungua koki yote.

Ndani mtu akapiga nduru. Mlango ukafunguka, Bwana akatoka na taulo kiunoni, mwekundu kama nyanya. Giza lilikuwa limeanza kuingia na hoteli yote haina taa. Wageni wakajaa barazani kumtazama.

"Stima iko wapi?"

"Hii hapa, Bwana." Nikaligonga tangi kwa fahari. "Presha iko safi."

Karani Elisha akaja mbio, akaninong'oneza: "Ndugu yangu, stima ya hapa ni ya waya. Ya taa. Hayo uliyochemsha ni maji ya kuoga."

Wapishi wakaangukiana kwa kicheko. Nilitamani kuingia ndani ya tangi nijifunike.

Bwana akafikiri, akajipapasa mgongo. "Taa wewe hapana jua. Lakini maji moto, wewe fundi kweli. Kesho rudi."

Basi nimeandikwa. Kazi yangu ni kumsaidia Mzee Kiprop, ambaye mpaka naondoka alikuwa bado kwenye chai.

Nimepitia kwa Mzee Yohana. Akaniuliza, "Ile kazi ya stima umepata?"

"Nimepata, Mzee. Bwana ameipima mwenyewe, kwa mwili wake."

Alifurahi sana, akamwita Rasoa aje kunisalimia.

Kwa hivyo Jumapili mchungaji akinitangaza fundi wa stima, ninyi inamieni vitabu vyenu vya nyimbo. Atakayekohoa asije kula wali wangu.