Binti Yangu na Jumba la Gavana

Jumatatu, 4 Machi
Siwezi kukaa. Nimefagia uwanja tena, na si mchafu. Binti yangu yuko kwenye majaribio katika jumba la gavana wa zamani, anatembeza wageni vyumbani na bustanini. Wako wawili: yeye na mtoto wa jirani yetu, Mama Maringo. Jumamosi anabaki mmoja. Mmoja! Mama Maringo kanitambia kwamba mwanawe ana sauti ya redio. Nikamjibu kwetu redio huzimwa.

Jumatano, 6 Machi
Nimekwenda kama mgeni. Miwani myeusi, kofia ya dada yangu. Mpango: niulize maswali, binti ang'ae mbele ya mkuu wa jumba. Nikauliza gavana alikuwa analala wapi. Ulimi ukaniwasha, nikajibu mwenyewe! Si binti amekuwa akijisomea kwa sauti jikoni kwangu? Wageni wote wakanifuata mimi. Mkuu akauliza huyu mama ni nani. Binti akasema hanijui. Hanijui! Tumbo hili lililombeba! Kwa uchungu nikavuka kamba, nikakaa kwenye kiti cha gavana. Kinabana. Ndiyo maana alikuwa mkali.

Alhamisi, 7 Machi
Binti hasemi nami. Anamtuma baba yake: mwambie mama asije tena. Nikamtuma arudi: mwambie nimesikia. Sikusema nimekubali.

Ijumaa, 8 Machi
Mkuu anaipenda ile bustani kuliko watoto wake. Basi nimewahi na kijembe kwenye mkoba, ili mwanangu awe na bustani safi ya kuonyesha. Magugu tele! Ya kijivu, yana manyoya. Nimeng'oa yote. Mtunza bustani alipofika alishika kichwa. Kumbe aliyapanda mke wa gavana, mbegu zilikuja kwa meli! Nikamwambia angeweka hata kibao. Mkuu akaja mbio, akauliza tena huyu ni nani.

Binti akasema, ni mama yangu.

Akapiga magoti kwenye udongo, akaanza kuyarudishia. Akawa anawasimulia wageni wa asubuhi kila mche ulivyofika hapa. Wakachuchumaa kumsaidia, hata wenye suti. Mtoto wa Mama Maringo alisogea pembeni, asichafue viatu.

Sikuweza kula.

Jumamosi, 9 Machi
Kapata! Mwanangu kapata kazi! Nimepiga vigelegele mpaka Mama Maringo akafunga dirisha. Mkuu kasema hajawahi kuona wageni wakitulia vile. Sharti moja tu: mama asionekane langoni.

Mume wangu kaniuliza kama nimejifunza. Sana! Nisingeng'oa, mtoto angepanda nini? Hesabu yangu ilikuwa sawa tangu mwanzo.

Na mkuu kataja lango tu. Uzio wa nyuma ni mfupi, na yule mtunza bustani hana pete kidoleni, kama binti yangu tu.