Sikusema, Niliandika

Jumatatu, 8 Julai

Bi Vandersloot, mwenye timu, kaniita ofisini hata kofia sijavua. Anataka watazamaji elfu tatu uwanjani Jumamosi. Wasipofika, akaunti zote za timu anamkabidhi Orrin, nami nitafute pengine pa kushinda. Pengine penyewe napajua. Duka la magodoro la shemeji yangu, mjini Waterloo. Kila Krismasi ananiuliza nitaanza lini, huku anacheka.

Orrin! Mkata tiketi! Timu yetu ya besiboli ni Kambare wa Pruett, na yeye ndiye huvaa vazi la kambare kuwachezea watoto. Kamfungulia huyo kambare akaunti yake, na ina wafuasi mara nne ya ile rasmi. Ile rasmi ni yangu mimi, Merle Hostetter, mkuu wa matangazo na mtu pekee katika idara.

Lakini leo nimefanya jambo. Nimeunganisha akaunti yetu na skrini kubwa ya uwanjani. Nikiposti tu, inatokea pale juu, herufi za urefu wa mtu. Orrin kauliza kama nimeweka na kitufe cha kuizima. Wivu huo.

Jumanne, 9 Julai

Nimenunua wafuasi elfu tano. Walifika nikinywa kahawa. Hakuna hata mmoja anayekaa hapa Iowa. Wengi wanauza miwani ya jua. Nikaposti picha ya soseji yetu mpya. Laiki moja. Yangu.

Bi Vandersloot kaona namba, kafurahi, kauliza awaandalie soseji ngapi hao elfu tano. Nikasema tusiharakishe. Orrin alicheka mpaka akashika ukuta. Eti, "Mzee wa matangazo, waambie wakija watuletee na miwani!"

Sikula mchana. Simu inasema leo nimeiangalia mara mia na kumi. Yenyewe ndiyo inayohesabu, halafu inanisuta.

Jumatano, 10 Julai

Kambare wa Orrin kateleza kwenye nyasi, watu elfu arobaini wametazama. Sawa. Kama watu wanapenda anguko, nitawapa anguko, tena kwenye akaunti yangu. Nikamwaga maji pale anapopita, nikajificha na simu nyuma ya mashine ya soda. Orrin akapita upande wa pili. Nikamkimbilia nisimkose. Nikaanguka mimi! Kumbe naye alikuwa na simu.

Watu elfu sitini na moja wameniona nikipaa. Shemeji kaitazama mara mbili, kisha kanipigia kuniambia kwamba godoro lake moja lingenifaa sana pale.

Tiketi za Jumamosi zilizouzwa: mia nane na kumi. Mungu wangu.

Alhamisi, 11 Julai

Niandike polepole.

Mechi ya mchana, sisi na timu ya Dunmore. Mrushaji wetu wa mpira ni Encarnación, mtu wa Jamhuri ya Dominika, mpole, miaka thelathini na mitatu, mwaka wa kumi na mbili katika ligi za chini. Tumefika awamu ya saba kati ya tisa, na hakuna mpigaji wa Dunmore aliyepata pigo zuri kwa gongo lake. Hata moja! Uwanja huu haujaona kitu kama hicho tangu mume wa Bi Vandersloot yuko hai.

Mwiko naujua. Nimezaliwa Iowa, si mwezini. Mrushaji akiwa katika hali hiyo, hakuna anayelitaja jambo hilo, lisije likaharibika. Hakuna anayekaa karibu naye benchini. Mtangazaji wa uwanja alikuwa anazungumzia mvua. Bi Vandersloot, aliyebanwa na haja tangu awamu ya nne, hakuinuka kitini. Orrin hakuvua kichwa cha kambare, na jua lile! Watu elfu moja na mia tisa wanajua, na kila mmoja anajifanya hajui.

Na mimi naifikiria Jumamosi. Mia nane na kumi! Magodoro! Habari kubwa kuliko zote za mwaka iko mbele ya macho yangu, na dunia haina habari. Nikawaza: mwiko unakataza kusema. Kuandika nani kakataza? Wazee walioweka mwiko hawakuwa na simu.

Nikaandika: ENCARNACIÓN HAJAPIGWA HATA MOJA! NJOONI MUONE HISTORIA! SODA YA PILI BURE! Nikabonyeza.

Skrini. Niliisahau ile skrini.

Vichwa vyote vikainuka kusoma. Kisha vikageuka kunitazama. Encarnación naye akasoma, akafanya ishara ya msalaba. Mpira uliofuata ukapigwa na kimbaumbau wao mmoja ambaye hajapiga kitu tangu Mei, ukaenda kudunda ukutani. Halafu bibi mmoja wa safu ya pili akanimwagia bisi, ndoo nzima, akasema, "Kisirani mkubwa wewe!" Tukafungwa tano kwa moja.

Laiki: elfu tatu na mia mbili. Naandika kwa ajili ya kumbukumbu tu.

Ijumaa, 12 Julai

Duka la donati limebandika picha yangu mlangoni, chini ya ile ya kukataza mbwa. Kinyozi alinitambua katikati ya kazi, akanivua shuka, akanionyesha njia. Nina nusu kichwa.

Bi Vandersloot hakufoka. Heri angefoka. Kasema taratibu, "Mwanangu, marehemu mume wangu angekuzika palepale anaposimama mrushaji." Nikajua ndio magodoro hayo. Ndipo Orrin akatoa wazo: kesho nikalishwe juu ya tangi la maji, mtu akilenga shabaha kwa mpira, kiti kinafyatuka, natumbukia. Bi Vandersloot kakubali hata Orrin hajamaliza kueleza. Hakuna aliyeniuliza kama najua kuogelea.

Jumamosi, 13 Julai

Elfu tatu mia nne na kumi na mbili! Foleni ya kunilenga ilitoka nje ya geti. Nimetumbukia mara sabini na moja. Bibi wa bisi peke yake kanitosa mara sita. Mkono anao, hilo lazima niseme. Masikio yangu bado yanabubujika.

Kazi inabaki yangu! Masharti mawili. Nisishike simu mechi ikiendelea, na nikamwombe radhi Encarnación, ana kwa ana, kama binadamu. Orrin kanipa mkono. Nimemwambia asivunjike moyo, matangazo ni kipaji.

Jumapili, 14 Julai

Nilimkuta Encarnación chumba cha kubadilishia nguo, anajifunga bandeji begani. Nikamwambia, nisamehe, nimekukosea. Kanijibu, "Kaa, kaka." Kasema ule mpira aliurusha vibaya mwenyewe, bega lilichoka. Ila ilimuuma. Miaka kumi na miwili anaingoja siku moja kama ile, na mama yake alikuwa anasikiliza kutoka nyumbani. Nililia. Kweli kabisa nililia.

Halafu kanionyesha siri yake, maana kasema sasa sisi ni ndugu. Soksi yake ya kushoto si yake. Ni ya mama mkwe. Ya zambarau, ina paka. Aliiiba kwenye kamba ya kuanikia miaka mitano iliyopita, na tangu siku hiyo hajaumia. Mke hajui. Mama mkwe ndiyo kabisa, bado anaitafuta. Kaniapisha nisimwambie mtu, kwani ikitajwa tu, nguvu yake imekwisha. Anarusha tena Jumanne. Nikaapa, mkono kifuani.

Nilivyoguswa! Nimetembea mpaka nyumbani bila kuangalia simu. Dakika kumi na nne.

Jumatatu, 15 Julai

Usingizi sikuupata. Siri ya mtu ni mzigo. Na tiketi za kesho ni mia sita tu! Bi Vandersloot kauliza, kwa ule upole wake, kama Jumamosi ilikuwa ya kubahatisha.

Leo hakuna mechi, kwa hiyo simu ni ruhusa. Na sikumwambia mtu. Nimeposti picha tu, niliyoipiga jana alipoinama kufunga kiatu. Soksi, mshale mwekundu, na maneno machache: SIRI YA ENCARNACIÓN! VAA SOKSI YA MAMA MKWE WAKO KESHO, UINGIE BURE!

Laiki elfu kumi na mbili kabla ya chakula cha mchana. Mama mkwe mwenyewe kaandika maoni, kwa Kihispania, herufi kubwa tupu. Hatujawahi kupata maoni marefu namna ile.

Orrin kaingia bila kubisha hodi, kafunga mlango kwa ufunguo. Anahema. Eti Encarnación anapanda ngazi, gongo la kupigia mpira mkononi. Kauliza kama dirisha langu linafunguka.

Wivu utamuua yule. Kazi yake kurusha, si kupiga; mrushaji na gongo, wapi na wapi? Bila shaka kaja kulitia sahihi. Tutalichezea bahati nasibu kesho, kila aliyevaa soksi ana nafasi yake. Nimemwambia Orrin afungue mlango. Ngoja niwashe kamera.