Tangazo Nililombandikia Kilian

Jumatatu, 25 Februari 2008

Mvua tangu asubuhi, hapa Mbinga mjini. Ubao wangu una matangazo machache, yote nimeyaandika mwenyewe.

Nieleze vizuri, shajara hii ikija kusomwa nikishakuwa mtu mkubwa watu wasihangaike. Adinani, fundi simu wa pale stendi, aliniwekea programu ya ubao wa matangazo kwenye simu. Mtu anatuma ujumbe kwenye namba yangu, simu inaubandika yenyewe. Mwingine, mwenye programu ya kusomea kwenye simu yake, anaufungua na kusoma, hata awe kijijini kwetu Ukata, mradi mtandao upo. Misiba, bei ya kahawa, mbuzi waliopotea. Adinani aliniapia kwamba wilaya nzima nitakuwa nayo peke yangu. Wiki iliyofuata akamwekea Kilian programu ileile. Nilipomuuliza akasema Kilian naye ni mteja. Mteja!

Kilian nimesoma naye Ukata, darasa moja. Alikuwa ananakili hesabu kwangu na bado ananishinda. Sasa kila ninayemwona ameinamia simu, anasoma ubao wa Kilian. Wangu wanasema unachosha, eti kabla ya tangazo lazima wapitie salamu zangu. Watu hawana adabu ya kusalimiwa.

Hayo yote ningeyameza. Lakini Beata naye anausoma. Beata, binti wa Mama Notburga, ambaye nimekusudia kumuoa mara tu nitakapopata nafasi ya kumwambia.

Jumatano, 27 Februari

Mwanakombo amepanda kutoka Mbamba Bay na matenga yake ya usipa. Zamani alikuwa anatangaza kwangu: dagaa wamefika, wapo sokoni. Leo kanipita kama mlingoti. Nikamfuata, nikamuuliza kwa upole kosa langu. Akasema mara ya mwisho alipotangaza samaki, mimi nilimwongezea chini: "Mmeletewa na Hyasinti, kijana mwenye msimamo, bado hajaoa." Watu wakampigia simu kumuuliza kama anatafutiwa mume. Usipa ukamdodea.

Nikamwambia ile ni bashasha tu. Akasema bashasha nimpelekee mama yangu.

Jioni nimemkuta Beata mbele ya duka la pembejeo anakouza, anaicheka simu. Nikauliza kuna nini. Akasema kuna mbuzi amepotea huko kwenye ubao wa Kilian, mwenyewe anaomba aliyemwona asimchinje kabla ya kumjulisha. Nikamkumbusha kwamba mbuzi yuleyule alikuwa kwangu juzi. Akasema hakumwona. Roho imeniuma mpaka nimeshindwa kula.

Alhamisi, 28 Februari

Nimepata dawa yake.

Kilian ameteremka Mbamba Bay kuwawekea wavuvi programu ya kusomea. Simu yenye ubao ameiacha kwa Adinani inachajiwa, inapokea na kubandika yenyewe. Atarudi Jumamosi asubuhi. Na ubao hauonyeshi namba ya aliyetuma. Adinani anasema ni kwa ajili ya kulinda siri za watu. Ahsante sana, Adinani.

Shamba la Kilian liko Ukata, limepakana na la Mama Notburga. Majani yamefika kifuani kwa sababu mwenyewe kutwa anashughulika na ubao. Sasa, kwetu mtu akizidiwa na shamba anaita ngokela: majirani wanakuja wote kulima, na yeye anawalisha na kuwanywesha pombe. Kuita ngokela halafu huna kitu, hiyo ni aibu watakayosimuliwa hata wajukuu zako. Na Mama Notburga ataiona yote akiwa kwenye mpaka wa shamba lake.

Nimechomeka laini mpya, nimetuma: "Mimi Kilian nawaalika wote ngokela Jumamosi shambani kwangu Ukata. Wanaume kufyeka, kina mama kufukia ngoro na kupanda maharage. Chakula kipo. Pombe ipo ya kumwaga."

Sijaweka salamu, wasije wakanitambua. Nilitamani chupa moja ya kujipongeza, lakini ni Kwaresima. Nimeacha pombe mpaka Pasaka, kama kila mtu.

Jumamosi, 1 Machi

Mikono imejaa malengelenge. Naandika kwa shida.

Nilipanda Landrova alfajiri, nikajibanza nyuma ya mgomba kwa Kilian. Wakaja watu. Wakaja wengine, hata wa kutoka ng'ambo ya mto. Msiba wa babu yangu haukupata watu wale. Hapo tu nilishaanza kuumia.

Kilian akafika kutoka ziwani na tenga la usipa kichwani, zawadi ya Mwanakombo. Akauliza kuna msiba gani. Wakamwonyesha tangazo. Akasoma, akasema kweli kabisa hajui nani kaliandika, na pombe hana hata tone. Nikasubiri wamgeuzie majembe.

Akasimama Mama Notburga. Akauliza ni Mkristo gani anayekuja kudai pombe katikati ya Kwaresima. Akasema aliyeandika neno hilo hana hofu ya Mungu, lakini kazi ni kazi, na togwa anayo nyumbani. Watu wote wakaitikia kwamba ni kweli. Kilian akawakabidhi kina mama usipa wapike.

Mimi Kwaresima niliiweka akilini kwa ajili ya koo langu. La watu wengine sikulifikiria.

Kisha Mama Notburga akaniona mgombani. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba, akanipa fyekeo, akaniambia kwenye ngokela hakuna mtazamaji. Nimefyeka mteremko mzima, nimepanga majani miraba miraba, kina mama wakayafukia kwa udongo, katikati ya kila mraba likabaki shimo la ngoro. Beata alikuwa mstari wa chini anapanda maharage. Kilian alikuwa anamshikia mbegu. Ngoro zimependeza mno. Usipa ulikuwa mtamu, naandika kwa uchungu.

Jumapili, 2 Machi

Baada ya misa, nje ya kanisa, Mama Notburga anawaambia watu kwamba kijana anayeweza kukusanya mikono mingi vile kwa kasimu si wa kuachwa aende hivihivi. Kilian naye anaamini aliyeandika tangazo ni Beata, amsaidie kwa siri. Kamshukuru mbele za watu. Beata kainamisha kichwa, katabasamu, hakukana!

Mimi ndiye niliyeandika. Mimi. Kidogo niseme. Nikajikaza, nikaenda kununua dawa ya malengelenge.

Jumanne, 25 Machi

Pasaka imepita. Posa ya Kilian imepokelewa. Beata amekuja kibandani kwangu mwenyewe, mara ya kwanza. Akanisalimu vizuri, akakaa. Akaomba nami nitangaze kwenye ubao wangu kwamba Jumamosi wanavishana pete kwa mama yake, Ukata. Nikamwambia hongera. Alipoondoka nilikaa na kile kiti chake mpaka nikafunga kibanda.

Lakini nimetafakari, na nimeliona kosa langu. Kosa lilikuwa Kwaresima, basi. Mpango wenyewe ulikuwa mzuri. Sasa watu wameshafungulia, makoo yamewakauka, safari hii hakuna wa kumwokoa. Nimenunua laini nyingine, nimetuma kwenye ubao wake: "Mimi Kilian nawaalika wote ngokela Jumamosi asubuhi, Ukata. Kila mtu aje na jiwe la msingi wa nyumba yangu. Pombe ipo ya kumwaga."

Kilian akiliona atadhani ni Beata tena, hatalifuta. Siku ileile ya pete, mbele ya wakwe. Ataitoa wapi pombe ya watu wote wale? Mama Notburga hawezi kumsaidia, maana yeye mwenyewe ana shughuli zake. Tangu Jumapili ya Matawi anapika pombe, mapipa yamejaa mpaka uani, harufu inafika barabarani. Sijui ni ya nini.

Nitawahi Landrova ya kwanza. Nami nitabeba jiwe, nisije nikashtukiwa.