Mkwe Aliyeona Mama Wakwe Wawili

Kibara, Bunda.

Kwa Baba Mkwe wangu, Mzee Wanzagi, Mwitongo,

Shikamoo Baba. Nakuandikia nikiwa nimelifunga jicho moja kwa kitambaa, kuhusu mke wangu Nyangi, mliyemzuia hapo kwenu tangu sherehe ya kipaimara, mkidai nilimkodolea macho Mama Mkwe mbele za watu, jambo ambalo mila inamkataza mkwe, na mkanitoza mbuzi wa kunitakasa. Nyumba imepoa, Baba. Nampenda, na ugali nikisonga mwenyewe hauliki. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sijawahi kumtazama Mama usoni. Miaka yote namwamkiaga huku nimeangalia kuku. Siku ile alipotokea mlangoni, niliona Mama wawili wamesimama bega kwa bega, vitenge sare. Nikageuka haraka kumkwepa wa kulia, nikakutana uso kwa uso na wa kushoto, kumbe ndiye wa kweli. Mkwe mwema angefanyaje hapo?

2. Shemeji Gody anatangaza kwamba nililewa. Kama ipo pombe ya kukaa kichwani wiki tatu, anionyeshe inapouzwa. Daktari wa macho Musoma alinipima: nikifumba jicho lolote, kitu cha pili kinatoweka. Kalamu yake niliifuata vizuri kwa macho pande zote, ila jicho moja limevutwa ghafla kuelekea puani. Nikapigwa pia picha ya kichwa, ubongo ukakutwa mzima. Picha hiyo nipo tayari kuileta mbele ya ukoo.

3. Daktari anasema chanzo ni kuinamia simu kutwa kwa karibu mno, maana ndiyo kazi yangu, ufundi simu. Sawa. Lakini simu ya mwisho niliyoiinamia ilikuwa ya Mama mwenyewe, kioo kimepasuka vibaya. Jicho limeharibika likimtumikia yeye. Kwa hiyo yule mbuzi wa kunitakasa, kwa haki, atoke zizini kwenu.

4. Kwa karibu naona kimoja, kwa mbali viwili. Naomba ukoo uniruhusu, nikija, Mama akae karibu nami kabisa. Akikaa mbali kama mila inavyotaka, nitalazimika kuheshimu wawili, na mimi nilioa kwa mama mmoja tu.

Msalimie Shangazi Tabitha, watoto wote, hata Gody. Mama msimpe salamu zangu, isije ikaonekana namwandama.

Mkweo anayeonewa,
Kasmiri Maige

N.B. Kabla sijaituma barua, nimepewa miwani maalumu inayounganisha vile viwili. Jana stendi ya Kiabakari nikamwona Mama anashuka kwenye basi, yuko mmoja. Baba, furaha ilinizidi. Nilimkazia macho usoni, nikavua miwani, nikaivaa tena kuhakikisha, kisha nikampungia mkono. Hapo sina ugonjwa wa kusingizia. Kumbe Nyangi amefanana naye kiasi hicho, nikabaki nimesimama pale namtazama. Mbuzi nitamleta mwenyewe Jumamosi. Nyangi awe amefungasha.