Mashine ya Nguba Inaomba Sauti Mbili

Bukavu, mardi

Kwako Beau-frère Grégoire, shemeji yangu, mwenye nyumba na mwenye mashine, Nguba.

Mupendwa,

Kwa heshima na huzuni ninakutangazia: tangu dimanche, mu nyumba yetu ya Kadutu hakuna tena sauti ya pili. Iko kwako. Ni Georgette, bibi yangu, dada ya bibi yako. Alikimbilia kwenu sababu, kisha misa, nilisema mbele ya chorale yote kama ni yeye alishusha sauti ya wimbo. Ile ni mambo ya nyumba. Leo ninalalamikia répondeur, ile mashine ya kujibu simu uliyoleta kutoka Bruxelles.

1. Haina adabu. Ninaisalimia, ninauliza habari ya watoto, ya ng'ombe za Nyantende, ya mvua. Yenyewe inanikatiza: «Bureau, finya un. Nyumba, finya trois.» Ni nani aliilea?

2. Simu yangu ni ya kuzungusha kidole. Haina cha kufinya. Nikizungusha trois, ile tatu, inakohoa tu.

3. Jirani Adalbert, mutengenezaji wa redio, amenieleza kama mulio wa trois ni noti mbili pamoja, moja chini, moja juu. Mashine inataka zote mbili. Hata ile ya chini iko juu kwa mwanaume; niliimba mu simu, nikaikaribia, nikisimama juu ya vidole vya miguu. Ya juu inaomba mwanamuke. Unaona shida, Beau-frère? Ili nimupate Georgette, ninahitaji Georgette.

4. Adalbert alijaribu ile ya juu. Imbwa za avenue yote zilimujibu. Mashine hapana.

Kwa hiyo ninaomba uitoe. Ikishindikana, umutume Georgette hapa, tuimbe pamoja, mashine ifungue, kisha arudi mbio kwako kujibu simu.

Unisalimie bibi yako Eulalie, watoto, mulinzi, hata mashine, kama inapokea salamu.

Niliyebaki na sauti moja,
Bisimwa

N.B. Nimefungua tena bahasha. Beau-frère, usiguse mashine! Ukweli ni huu: nilijaribu mara ya mwisho, peke yangu. Sikujua kama yenyewe inatoa sauti ya mwenye kupiga mu salon yenu, na kama tangu asubuhi Georgette na Eulalie wanasikiliza concert yangu. Mashine haikufungua kitu. Ni Georgette alibeba simu, akicheka mpaka kukohoa: «Baba Jeanine, uko unashuka! Hata dimanche ni wewe ulishuka.»

Nikasema: ni kweli.

«Basi njo unichukue mbele mvua ianze kunyesha. Na chorale utaiambia mwenyewe.»

Niko ninavaa viatu. Hii barua ninaileta kwa mukono. Kwa mulango nitapiga hodi, sitaimba.