Malalamiko Kuhusu Kimya cha Kundaeli

Kihamba cha Shirima,
Juu ya Mkuu, Rombo.
Jumatatu, Kwaresima.

Kwa Mtunzi wa mchezo wa redio "Mfereji wa Juu",
Dar es Salaam.

Ndugu Mtunzi,

YAH: KUNDAELI KUTOPOKEA SALE, NA MADHARA YALIYOTUPATA HUKU

Tumsifu Yesu Kristo. Kama wewe si wa dhehebu letu, basi pokea shikamoo. Na kama u mdogo kwangu, irudishe nami nitaitikia marahaba, maana redio haikututajia umri wako.

Mimi ni Dafroza, mke wa Vedastus Shirima, na ni katibu wa jumuiya yetu ndogo, ndiyo maana kalamu iko kwangu. Kihamba chetu, yaani shamba la migomba tunamoishi, kimepakana na cha shemeji yangu Mathayo. Mke wa Mathayo anaitwa Flavia. Tafadhali lishike jina hilo, kwa sababu kila nitakachokilalamikia hapa kilianzia jikoni kwake.

Kila Jumatano jioni tumekuwa tukisikiliza mchezo wako. Simu ni ya Flavia, sufuria ni yangu: simu ukiiweka ndani ya sufuria tupu inanguruma kama spika ya kanisani. Tumemfuata Kundaeli tangu aliporudi kijijini kuufufua mfereji uliokauka. Tulilia pale Anaeli, ndugu yake wa tumbo moja, alipoyauza maji kwa watu wa hoteli. Na tulikuwepo siku ile Anaeli alipokuja kuomba msamaha. Tulisikia hatua kwenye majani makavu ya mgomba, tukasikia mlango, tukasikia jogoo, tukamsikia Anaeli akisema amekuja na sale mkononi. Kisha kimya. Kisha muziki. Kisha mtangazaji akauliza kwa sauti ya kubembeleza, je, Kundaeli atalipokea? Na hapo hapo akatuaga, kwamba mchezo unapumzika mpaka masika yaishe.

Hee! Ndugu Mtunzi, nina malalamiko yafuatayo.

1. Huku kwetu sale halina "je". Sijui wewe ni mtu wa wapi, na sikudharau, lakini yaonekana hukuuliza. Sale ni lile jani refu tunalolipanda mipakani na makaburini. Mtu aliyekukosea akija nalo, unalipokea. Hata kama alikuchomea nyumba, unalipokea, ukishalipokea ndipo unaanza kulia nyumba yako. Babu zetu walipigana vita wakaacha kwa jani hilo. Kuuliza kama mtu atalipokea ni sawa na kuuliza kama mvua ikinyesha itaelekea chini. Sasa wewe umeuliza, tena hadharani, na umetuachia swali hilo msimu mzima.

2. Kwa kuuliza lisiloulizwa, umetulazimisha kutafuta majibu mbinguni. Hakuna binadamu anayekataa sale. Kundaeli amenyamaza, hakulipokea. Kwa hiyo Kundaeli si binadamu. Mpaka hapo mimi na Flavia tulikuwa kitu kimoja, naomba hilo liandikwe. Tulikubaliana tukiwa tumekaa kwenye benchi moja, tukimenya ndizi za mtori. Shida ilikuja tulipojiuliza kama si binadamu ni nani.

3. Mimi nilisema wazi kwamba Kundaeli ni mfano wa Bwana wetu, na ushahidi wangu ni huu. Alizaliwa kwenye nyumba yenye ng'ombe. Aliwaletea watu maji nao hawakumtambua. Ana wanaume kumi na wawili wanaochimba naye mfereji. Hukutaja idadi yao, lakini mimi niliwahesabu kwa vikohozi. Maporomoko yalimfukia, akapotea kwa Jumatano tatu, na ya tatu akarudi. Yesu na Maria, mtu anataka nini zaidi? Na kile kimya chake ndicho kile kile cha mbele ya Pilato. Nikamalizia kwamba mwenye haki ya kukataa sale ni mmoja tu, Yule atakayehukumu wazima na wafu, siku ambayo muda wa kuomba msamaha utakuwa umekwisha.

4. Flavia aliweka kisu chini. Akasema Kundaeli ni Shetani mtupu. Akasema Mungu mwenyewe hawezi kulikataa sale, kwa kuwa ndiye aliyetupa, na kama angekuwa na tabia ya kulikataa yeye Flavia asingehangaika na Kwaresima. Kuhusu kuzaliwa penye ng'ombe, alisema kizazi chetu chote kilizaliwa kwenye nyumba zenye ng'ombe, akiwemo Mathayo wake, ambaye hajawahi kutembea juu ya maji na hata mfereji wa kawaida humtelezesha. Kisha akanipiga na hoja ambayo mpaka leo inaniuma. Alisema tangu mchezo uanze, Kundaeli hajamwamkia mzee hata mmoja. Anaingia nyumba za watu na kuanza kuongea habari za mabomba! Kijana wa kuzaliwa huku, hajui shikamoo? Ndugu Mtunzi, hilo ni kosa lako wewe na si la Kundaeli, lakini aliyeaibika ni mimi. Nilipangusa macho nikasingizia moshi.

5. Jambo hili halikubaki jikoni. Tuna grupu la WhatsApp la wapenzi wa mchezo, mimi naingia kwa simu ya Vedastus isiyo na redio, na huko sasa hakukaliki. Ronald, aliye kwenye mashamba ya miwa kule tambarare, anashikilia kwamba Kundaeli ni Musa, na kwamba ndiyo maana hataingia nchi ya ahadi, yaani hoteli. Doris wa Njoro anatuma ujumbe wa sauti mrefu kama rozari nzima na litania yake, akieleza kwamba Kundaeli ni Kanisa, mfereji ni Roho, na sufuria za mama yake ni sakramenti saba. Nilipomwambia kwamba sikumbuki kusikia sufuria, alinijibu kwamba wenye masikio na wasikie. Gladys wa Sanya Juu aliuliza kama haiwezekani kwamba Kundaeli ni mtu tu. Huyo tulimtoa kwenye grupu.

6. Tulipeleka shauri kwa katekista wetu, Filemon. Alitukemea kwamba Kwaresima ni ya kufunga na kusali, na kwamba redio haina watakatifu. Tulitoka tumeinamisha vichwa. Hatujafika barabarani akatukimbilia, akatazama huku na huku, akauliza kwa sauti ya chini kama kuna aliyesikia vizuri zaidi, maana kwake betri ilikatika kwenye jogoo. Kwa hiyo usidhani Kanisa litatusaidia.

7. Hili la saba ndilo lililonifanya ninunue bahasha. Mimi na Flavia hatusemeshani.

Nilimwambia kwamba mtu asiyemtambua Bwana ndani ya sufuria hatamtambua altareni. Najua lilikuwa neno kali, ila lilikuwa limeshatoka. Naye akanijibu kwamba mimi huwa namtafuta Mungu kwa watu wa redio kwa sababu wa karibu nimewachoka. Mae! Mtu niliyeolewa naye mwaka mmoja katika boma moja, tukafundishana kumkwepa mama mkwe, ndiye wa kuniambia nimemchoka? Nilibeba sufuria yangu nikaondoka. Sasa yeye ana simu isiyosikika na mimi nina sufuria isiyosema.

Kati ya vihamba vyetu kuna mstari wa masale, na katikati yake uwazi tulioufanya sisi wenyewe kwa kupita. Siku hizi hapiti mtu. Majani yameanza kuuziba. Nikipika kiburu cha ndizi na maharage, mkono unapima cha nyumba mbili kwa mazoea, halafu nakikuta kesho yake kimekauka. Vedastus anakula akisema kimezidi. Nimemwambia ale anyamaze. Yeye na Mathayo hawana ugomvi wowote, wanakunywa mbege yao chini ya migomba na kusema Kundaeli ni fundi bomba mzuri. Wanaume wana raha zao.

Na Pasaka inakuja. Paroko ametangaza kwamba mwenye kinyongo na jirani asimletee kitubioni dhambi nyingine kabla hajaimaliza hiyo. Dawa tunaijua wote: aliyekosa achume sale ampelekee mwenzake. Yako pale pale mpakani, hata kuinama huinami. Lakini mimi nitalichumaje wakati aliyekosea juu ya Mungu ni yeye? Na yeye, kwa ukaidi wake, anaona ni mimi. Asubuhi namwona upande wa pili anakata majani ya ng'ombe, anayakata polepole karibu na masale, kama anayetafuta kitu. Nami nakata upande wangu. Ng'ombe wetu wamenenepa sana.

8. Kwa hiyo, Ndugu Mtunzi, naomba yafuatayo kwa heshima zote:

Utoe tamko rasmi redioni, kabla ya Pasaka, kueleza Kundaeli ni nani. Tamko lisomwe mara baada ya matangazo ya vifo, kwani hapo ndipo huku kila mtu hunyamaza kusikiliza.

Kama ni Bwana, basi asimuoe yule Stella wa genge la nyanya, hata kama umeshaandika. Na kijana anayemwigiza aache mara moja kutangaza sabuni ya unga. Tumeitambua sauti. Nilikuwa nimeanza kumzoesha mjukuu wangu kuiheshimu, halafu nikaikuta inasifu povu.

Kama ni Musa, mjulishe Ronald peke yake.

Na kama, Mungu apishe mbali, ni Shetani, basi usilisome tamko hilo redioni. Niandikie mimi kwa siri, kwenye bahasha isiyo na nembo, nami nitajua namna ya kuishi na habari hiyo.

9. Usipojibu, nitalazimika kuliandikia Baraza la Maaskofu nikiomba kwamba michezo yote ya redio yenye mfereji ndani yake ipitiwe kwanza na mtu wa Rombo. Niko tayari kuifanya kazi hiyo mwenyewe, Flavia akiwa msaidizi. Yaani kama angekuwa anasema nami.

Nisalimie wote hapo redioni. Msalimie anayetengeneza sauti ya mvua, anaipatia kabisa, mara ya kwanza nilitoka kuanua kahawa. Msalimie jogoo. Msalimie Anaeli, japo ni msaliti, maana siku ile alilia vizuri. Msalimie mama yako popote alipo, na mwambie hatukulaumu malezi.

Ni mimi katika imani na masikitiko,
Dafroza Shirima,
Katibu.

Tanbihi: Bahasha nilikuwa nimeshailamba nusu, nikatoka kwanza kumpa ng'ombe majani. Flavia akaja. Alipitia pale pale kwenye uwazi, akiyasukuma majani kwa kiwiko, na mkononi ana sale. Alisimama mbele yangu akalinyoosha.

Ndugu Mtunzi, mimi niliyewafundisha wajukuu zangu kwamba sale halikataliwi, nilisimama mikono imening'inia. Sikuwa nimelikataa, Mungu ni shahidi. Nilikuwa namtazama mikunjo ya uso nikiona nilivyomkumbuka kupita kiasi, na neno lolote ambalo ningelitoa lingetoka na kilio. Kama ungekuwa umetega kipaza sauti chako pale, usingesikia chochote. Ungesikia jogoo. Na yule mtangazaji wako angeuliza, je.

Kisha nikalipokea. Na hilo nalo halina sauti, nimehakikisha.

Kwa hiyo Kundaeli alilipokea. Alilipokea siku ile ile, sisi ndio hatukusikia. Si Bwana na si Shetani, ni mtu aliyemkumbuka ndugu yake. Nilipomweleza Flavia hayo alikubali, ila alinikumbusha kwamba ndiyo maneno ya Gladys. Tumemrudisha Gladys kwenye grupu, na tumemwomba radhi, ingawa bado hajafungua ujumbe.

Naomba basi usitoe tamko lolote. Malalamiko ya kwanza hadi ya tisa yahesabu kama hayakuandikwa, isipokuwa lile la shikamoo. Kuhusu Stella, waache waoane.

Flavia amekaa hapa kwenye benchi ananisomea begani, na sufuria imerudi kwake. Anasema nikuandikie kwamba Kundaeli sawa, ni mtu, lakini yule jogoo aliyewika Anaeli akiingia, yule ndiye aliyemwikia Petro. Mimi namwambia ni jogoo tu. Amekataa kabisa, na ameniongezea mtori ili nikae tulimalize suala hilo la jogoo leo.

Usitujibu haraka.