Kioo Kilichochelewa Kupiga Miayo

Filamu ilipokwisha, watu walitoka kwenye banda la video kimya, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu banda lile lijengwe. Kwa kawaida hutoka wakirushiana mateke ya hewani. Siku hiyo, saa kumi na moja ya jioni na jua bado kali, fundi viatu alipita mbele ya dirisha la duka la dawa, akajiona kwenye kioo, akajifunika uso kwa kofia na kutimua mbio.

Chombezo alikuwa ameegemea nguzo ya umeme, anatafuna kijiti. Aliona.

Niwaeleze kidogo habari zake. Jina alilopewa na wazazi lilishasahaulika. Mtaani walimwita Chombezo kwa sababu aliweza kumbembeleza askari aliyemkamata mpaka askari akaomba radhi. Umri miaka thelathini na tano, kazi hana, anaishi chumba cha uani kwa shangazi yake, nesi mstaafu. Na asubuhi ile ile shangazi alikuwa amemwita.

"Baba, mpaka Jumamosi uwe na kazi inayojulikana. Sitaki kusikia mishemishe. Kazi. Ukikosa, chumba nampa fundi cherehani. Ameshaleta na pazia."

Chombezo aliliona pazia lenyewe, limekunjwa vizuri juu ya kabati. Lilikuwa la maua. Hapo ndipo alipojua kuwa shangazi hatanii.

Sasa, ile filamu. Ilihusu gonjwa la ajabu. Mtu anajitazama kwenye kioo, anapiga miayo, na sura yake iliyo kiooni inachelewa kupiga. Siku ya pili anatembea kinyumenyume. Siku ya tatu hana kivuli. Siku ya nne hayupo, na chai yake iko mezani inapoa. Mji mzima uliisha hivyo. Filamu ilikuwa ya kigeni, kwa lugha isiyojulikana na yeyote mtaani, ila Mfasiri alikaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti chake, akatafsiri kila kitu kama ilivyo kazi yake.

"Ndugu watazamaji," alimalizia, "ugonjwa unakaa kwenye vioo. Msinilaumu, mimi natafsiri tu."

Kesho yake asubuhi Chombezo aliona koti jeupe la shangazi, la enzi za wodini, linaning'inia msumarini nyuma ya mlango. Limefuliwa. Limepigwa pasi. Mfukoni mna kipimajoto. Alimshukuru Mungu, maana bahati ya namna hii haimpati kila mtu.

Alilivaa, akaanzia duka la dawa.

"Mimi ni mtu wa vipimo," alisema, akabandika kipimajoto kwenye kioo cha ukutani, kilichokuwa kimechomwa na jua tangu asubuhi. Akangoja. Akakisoma. Akavua kofia. "Thelathini na tisa. Pole sana, mzee. Kioo kina homa."

"Acha hizo," alisema mwenye duka. "Mimi nimesomea dawa."

"Ndiyo maana nimeanza na wewe. Wale wengine itabidi niwaeleze kwanza homa ni nini."

Mwenye duka alikohoa. Akatazama huku na huku, akauliza kwa sauti ya chini kama kuna ada. Ilikuwepo. Ada ya kukiondoa na kukiteketeza, ndogo tu, na risiti juu. Alilipa, akasaidia na kukifungua skrubu.

Kufikia Jumatano mchana Chombezo alikuwa na vioo thelathini na kimoja chumbani kwake. Vya kabati, vya bafuni, vya mezani, na kimoja cha shangazi mwenyewe, kirefu, chenye alama ya mshumaa kwenye kona. Hicho hakukitoza ada. Alikichukua tu shangazi alipokwenda sokoni.

Mnunuzi alishampata. Msusi, mke wa Mfasiri, alikuwa anafungua saluni Jumamosi. Viti anavyo, mashine za kukaushia nywele anazo, vioo hana hata kimoja.

"Nitavichukua vyote, shemeji," alimwambia. "Ila rangi ya kuta haijakauka. Niletee Alhamisi."

"Na bei tuliyosema?"

"Nimekuangusha lini mimi?"

Hesabu ilikaa sawa. Kwa fedha ile angekodi kibanda, angeweka meza, angening'iniza kibao, na shangazi angelirudisha lile pazia la maua kwa mwenyewe.

Jumatano saa tisa alasiri likaonyeshwa fungu la pili la filamu. Chombezo alikwenda kuangalia kama gonjwa limepata dalili mpya za kumfaa kibiashara. Alikaa mbele.

"Ndugu watazamaji," Mfasiri aliunguruma, "vioo vimekusanywa! Vyote viko chumba kimoja! Na gonjwa nalo limehamia humo humo. Mnamwona bwana huyu? Ndiye aliyevikusanya. Hajui. Maskini, hajui!"

Kwenye televisheni, mzee mwenye tai alikuwa anatia saini karatasi. Banda zima lilishika vifua. Chombezo alicheka, peke yake.

"Dawa ni moja tu!" Mfasiri aliendelea. "Avitoe vyote bure, bila kupokea hata senti, kwa mwanamke afanyaye kazi ya vichwa. Na gharama ya mkokoteni alipe yeye mwenyewe!"

Chombezo alijiambia kwamba filamu hii imefanyiwa utafiti wa kina.

Alirudi chumbani bado mchana kweupe, jua limejaa dirishani. Akavua viatu, akakaa kitandani, akapiga miayo. Chombezo thelathini wakapiga naye. Yule wa kile kioo cha bei rahisi, kilichopinda, kilichokuwa mguuni pa kitanda, alionekana kama amechelewa. Kidogo tu. Akapiga tena, makusudi. Jamani! Alitoka nje bila viatu, na majirani wanasema alitoka kinyumenyume.

Kabla ya saa kumi na moja mkokoteni ulikuwa mlangoni kwa Msusi.

"Rangi haijakauka, shemeji."

"Vichukue hivyo hivyo!"

"Na fedha zako nazileta keshokutwa?"

"Senti usinipe! Nakuomba, hata senti usinipe!" Alikuwa ameshaanza kupakua vioo. "Ila shemeji, Jumamosi nafukuzwa. Kama kuna kazi, yoyote, nipe."

Msusi alimwonyesha ufagio. "Kufagia nywele. Saa mbili asubuhi, na ukichelewa nakukata."

Jumamosi saluni ilijaa mpaka barazani. Wangekosaje kuja? Mtaani hapakuwa na nyumba yenye kioo, na watu walikuwa na siku nne hawajaziona sura zao. Hofu ilishapungua, hamu ikazidi. Chombezo alifagia macho yakiwa sakafuni. Mfasiri alikuja kumletea mkewe chakula, Chombezo akamvuta pembeni.

"Kaka, nieleze ukweli. Mwishoni yule bwana anapona?"

"Bwana gani?"

"Wa kwenye filamu!"

"Ah," alisema Mfasiri. "Sijui. Lugha ile siifahamu. Nafikiri walikuwa wanagombea shamba."

Hapo hapo shangazi aliingia. Alisalimiwa na wote, akakaa kiti cha mwisho, mbele ya kioo kirefu chenye alama ya mshumaa kwenye kona. Akakitazama. Ufagio wa Chombezo ukasimama.

"Kioo hiki nakijua," alisema shangazi.

Chombezo alikuwa na saa tatu tu kazini. "Shangazi, ngoja nikueleze..."

"Hakijachubuka," shangazi alimwambia Msusi, akivua kitambaa kichwani. "Nilikuwa na wasiwasi na huo mkokoteni. Mumeo alinihakikishia, lakini si unajua wanaume. Haya, nisuke, mwanangu, na lile pazia la maua nitalileta Jumatatu, litapendeza hapo dirishani. Nililinunua kwa ajili yako."

Kisha akamtazama mpwa wake ndani ya kioo, bila kugeuka.

"Na wewe baba, ukimaliza kufagia, unifulie koti langu. Nililipiga pasi saa nzima."